Namba za Magari na Fakhari ya Nafsi

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mwenye kumtukuza amtakaye na kumdhalilisha amtakaye. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake wote. Amma baad:

Ndugu zetu Waislamu, usiku mmoja baada ya swala ya Isha, darasa yetu ilipokuwa imekwisha na watu wameanza kutafuta viatu vyao mlangoni, kijana mmoja wa mtaani petu alibaki nyuma akataka ruhusa ya kuuliza mas-ala. Ni kijana mwenye haya na adabu, na mali yake ameichuma kwa jasho lake. Akasema: "Maalim, Mwenyezi Mungu amenijalia kununua gari. Nimesikia kwamba Serikali humruhusu mtu kuweka jina alipendalo katika kibao cha namba. Marehemu babangu ametuacha mkono mwaka juzi, nami napenda niandike jina lake, lisije likasahauliwa mjini. Je, pana ubaya?"

Maalim akamuuliza: "Wataka kulipa kiasi gani, mwanangu?" Akajibu: "Shilingi milioni moja, Maalim. Nimekwisha kuziweka kando."

Waliokuwa wakivaa viatu wakarudi ndani. Mmoja akasema kwa sauti kuu kwamba hiyo ni haramu tupu. Mwingine akamjibu kwamba mali ni ya mwenyewe, na zaka ametoa, basi ana nini la kuulizwa? Maalim akawanyamazisha wote wawili, akasema kwamba mas-ala kama haya hayajibiwi kwa neno la kutupiwa mlangoni. Akamtaka kijana angoje, naye akakubali, akasema hatatoa hata senti moja mpaka asikie jawabu. Basi tukaagizwa tulitazame jambo hili na tuliandike katika karatasi yetu, ili wanufaike na wengine ambao wana swali hilo hilo moyoni na hawakuliuliza. Hii ndiyo sababu ya maneno haya.

Kwanza yafaa tujue kibao hiki kiliwekwa kwa ajili gani. Mwaka 1893, magari yalipokuwa mapya Ulaya, wakuu wa polisi wa mji wa Paris waliamrisha kwamba kila gari liwe na kibao chenye jina la mwenyewe, na makao yake, na namba aliyopewa. Uingereza nayo ikatunga sharia yake mwaka 1903, ikaanza kufuatwa tarehe 1 Januari 1904. Makusudio yalikuwa ni kwamba mwenye gari akimuumiza mtu au akivunja sharia, apate kujulikana na kuulizwa. Kwa hivyo kibao hakikuwekwa kuwa taji la mwenye gari. Kiliwekwa kuwa ni shahidi juu yake.

Lakini nafsi ya mwanadamu haikosi njia. Sharia hiyo ya Uingereza ilipoanza kutumika, namba A 1 ya mjini London ilichukuliwa na bwana mmoja wa ukoo mkubwa, Earl Russell, na husimuliwa kwamba alikesha usiku kucha ili asitanguliwe na mtu. Angalieni, ndugu zetu! Shahidi huyo hajapata hata siku moja ya kazi, na tayari amekwisha kugeuzwa kuwa pambo. Serikali nazo zilipoona kwamba watu wako tayari kulipa kwa sababu ya sifa, zikafungua duka. Serikali ya Uingereza yenyewe yauza namba za kuchagua tangu mwaka 1989. Huku kwetu Kenya gari la kawaida hupewa herufi tatu zinazoanza na K, na tarakimu tatu, na herufi moja ya mwisho; na mwenye kutaka jina lake badala ya hayo, ada yake imewekwa kuwa shilingi 1,000,000. Majirani zetu wa Tanzania nao, mwaka 2016, walipandisha ada ya namba ya jina kutoka shilingi zao 5,000,000 hadi 10,000,000, nayo hulipwa kila baada ya miaka mitatu. Yaani hata sifa hiyo hainunuliwi moja kwa moja. Hukodiwa kama nyumba, na kodi ikikatika, mwenyewe hutolewa.

Na wengi wetu tuna jamaa zetu Dubai, na Abu Dhabi, na Maskati, nao hutuletea khabari za huko. Huko kinachogombaniwa zaidi ni uchache wa tarakimu: namba ikiwa fupi ndivyo mwenyewe anavyohisabiwa kuwa mkubwa. Mwezi wa Februari 2008, katika mnada wa Abu Dhabi, kibao chenye namba 1 kiliuzwa kwa dirham 52,200,000. Watu wakadhani hapana tena kupita hapo. Mwezi wa Aprili 2023, nao ulikuwa mwezi wa Ramadhani, kibao P 7 kiliuzwa Dubai kwa dirham 55,000,000, kiasi cha shilingi bilioni mbili za Kenya kwa kima cha wakati huo. Aliyetoa fedha zile za kwanza alikuwa wa kwanza duniani kwa muda wa miaka kumi na mitano, kisha akawa si wa kwanza. Na huyu wa pili naye angoje zamu yake.

Sasa tujiulize: kibao ni kipande cha bati tu. Gari lenye namba 1 haliendi mbio kuliko lenye namba nyingine, wala halinywi mafuta machache, wala haliepushwi na ajali. Kilichonunuliwa ni kitu gani basi? Kilichonunuliwa ni shingo zetu sisi tunaogeuka kutazama. Lau kama gari hilo lingepita katika jangwa lisilokuwa na mtu, kibao hicho kisingekuwa na thamani ya kikombe cha kahawa.

Mwenyezi Mungu ametusimulia jambo hili katika Suratul Qasas, katika kisa cha Qarun. Qarun alitoka mbele ya watu wake na mapambo yake yote. Na Qur'ani haikutueleza khabari zake yeye peke yake, bali imetueleza na khabari za waliokuwa wamesimama njiani wakimtazama. Wale waliotaka maisha ya dunia walitamani wapewe mfano wa alivyopewa yeye, wakamuona kuwa ni mwenye bahati kuu. Na wale waliopewa ilimu waliwaonya kwamba thawabu za Mwenyezi Mungu ni bora. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake, na waliotamani mahali pake jana wakaamka wakimshukuru Mola kwamba hawakupewa. Basi katika kisa hiki mna watu wa namna tatu: mwenye kujionyesha, na mwenye kutamani, na mwenye kujua. Wachache sana katika mji wetu wawezao kuwa Qarun. Lakini wa namna ya pili tumejaa tele barzani.

Wako watakaosema: "Hizo namba za Dubai na Abu Dhabi ziliuzwa kwa ajili ya kheri. Fedha za mwaka 2008 zilikusudiwa kuwasaidia walioumia katika ajali za barabarani, na za mwaka 2023 zilikuwa za kulisha wenye njaa. Je, mwakataza kheri?" La, hatukatazi kheri. Mwenye njaa akipata chakula, chakula hicho ni neema, nasi twafurahi kwa ajili yake. Wala hatumhukumu mtu ambaye moyo wake hatuujui. Niya ni siri baina ya mja na Mola wake, na yamkini mtoaji akawa na niya iliyo safi kuliko zetu. Lakini twasema hivi: aliyelishwa ana fungu lake, na aliyetoa ana fungu lake, na mafungu hayo si mamoja. Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Baqara kwamba kutoa sadaka kwa dhahiri ni kuzuri, na kuificha ukampa fakiri ni bora zaidi. Na katika sura hiyo hiyo amempigia mfano mwenye kutoa ili aonekane na watu: ni kama jabali lenye vumbi juu yake, mvua kubwa ikalipiga, likabaki tupu. Na Mtume (S.A.W.) amemtaja katika watu saba watakaopata kivuli siku isiyokuwa na kivuli mtu aliyetoa sadaka kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Je, sadaka iliyopigiliwa mbele na nyuma ya gari, ikapita barabara zote za mji mchana na usiku, kuna mkono gani usioijua?

Wako na watakaosema: "Mimi zaka nimetoa. Kilichobaki ni changu." Hao nao tuwajibu kwa insafu. Ni kweli kwamba mwenye kutoa zaka ametekeleza fardhi, na kilichobaki ni milki yake. Lakini fikirini kidogo. Shilingi milioni moja, zikitimiza mwaka katika mkono wa Muislamu, zaka yake ni shilingi 25,000, na kila mwaka maskini ana haki yake ndani yake. Zikigeuzwa kuwa kibao cha kutembelea, hazina zaka tena, kwani kibao hicho si mali ya biashara. Maskini amekwisha kutolewa nje ya hisabu. Na yule anunuaye namba ili aje aiuze kwa faida, huyo ni mfanyaji biashara, na bidhaa yake ina zaka kwa thamani yake. Asijisahaulishe kwa kuwa bidhaa yenyewe ni tarakimu. Zaidi ya hayo, kutoa zaka hakukuhalalisha israfu. Mola wetu amewasifu katika Suratul Furqan waja wake ambao wakitumia hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, na katika Suratul Israa amewafanya wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani. Undugu huo hauondoki kwa risiti ya zaka.

Tena liko jambo jingine, nalo lazidi hatari kwani huingia katika itikadi. Wako wanaotafuta namba 786 kwa hima kubwa, kwa kuwa ukizihisabu herufi za Bismillahi kwa abjadi utapata hisabu hiyo. Na wako wanaoamini kwamba gari lenye namba hiyo limehifadhiwa. Ndugu zetu, Bismillahi tumefunzwa tuitamke kwa ndimi zetu pamoja na hudhuri ya moyo. Hatukufunzwa tuigeuze kuwa tarakimu, tukaipigilia msumari, kisha tukaondoa gari bila ya kuitamka. Mwenye kutegemea namba imlinde amekwisha kuifanya hirizi, na hirizi ya bati haina tafauti na hirizi ya karatasi. Na wako wanaopenda kuweka katika kibao majina matukufu, wakasahau kwamba mahali hapo ndipo panaporukiwa na matope siku ya mvua. Kuliheshimu jina ni kuliepusha na hayo.

Je, basi twasema ni haramu mtu kukipa jina kipando chake? Hatusemi hivyo, wala hatuthubutu kuharimisha kwa matamanio yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa na vipando vyenye majina yanayojulikana mpaka leo. Alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, naye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito katika nyoyo zao, mpaka Mtume akautambua. Hakukasirika, wala hakutaka mbio zirudiwe. Aliwafahamisha kwamba ni haki kwa Mwenyezi Mungu kuwa hapana kitu cha dunia kitakachojinyanyua illa Yeye atakishusha. Hadithi hii ameipokea Anas bin Malik, na imo katika Sahihi ya Imamu Bukhari. Tizameni tafauti, ndugu zetu. Sisi tukishindwa kwa namba, twaenda mnadani tukaongeza bei. Yeye alishindwa mbele ya watu, akatoa katika kushindwa huko somo la kudumu hata Kiyama.

Sasa turejee kwa kijana wetu, kwani swali lake si la fakhari tupu. Amempenda babake na ameogopa jina lake lisipotee. Mapenzi hayo ni mema, na mtu asimcheke. Juma lililofuata alikuja darasani, akakaa karibu na nguzo. Maalim akamwita mbele, akamuuliza: "Mwanangu, marehemu babako watu walimjua kwa jambo gani?" Kijana akafikiri, akasema: "Kwa mtungi wa maji, Maalim. Alikuwa akiuweka mlangoni petu kila asubuhi, na kata juu yake. Wachukuzi na watoto wa chuoni wakinywa." Maalim akauliza: "Na sasa uko wapi mtungi huo?" Kijana akainama, akasema: "Ulivunjika, Maalim. Hatukuweka mwingine."

Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akasema taratibu kwamba yeye alikunywa katika mtungi ule miaka mingi, na kila alipokunywa alimuombea dua mwenye kuuweka, hata bila ya kumjua jina. Basi hapo jawabu likawa limekwisha kupatikana, nasi twaliandika tu.

Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mtu akifa amali yake hukatika, illa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, na ilimu inayonufaisha watu, na mtoto mwema atakayemuombea. Ewe kijana wetu, katika matatu hayo kibao cha gari hakimo. Wapita njia watalisoma jina la babako, na hapana atakayesema "Mwenyezi Mungu amrehemu." Watasema: "Huyu ana pesa." Huko kaburini, neno hilo lamfaa nini? Na gari likiuzwa, au likigongwa, jina hilo litawekwa wapi?

Tena twaa kalamu upige hisabu. Mwaka 2015 Serikali yetu iliweka karo ya shule ya sekondari ya bweni kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa kima hicho, watoto wanne, kila mmoja kwa miaka minne, ni shilingi 856,864. Katika milioni moja yako zabaki shilingi 143,136, nazo ni za kurudisha maji mlangoni penu, kwa mtungi au kwa tangi na mfereji. Mayatima wanne wakatoka na ilimu, na maji yakanywewa, na kila mwenye kunufaika akawa ni mlango wa dua kwa babako. Wala usiandike jina lake juu ya tangi. Anayeandika thawabu alijua jina lake kabla hujazaliwa wewe.

Hatukulazimishi, kwani mali ni yako na mas-ala haya hatukuyafanya kuwa ni haramu ya wazi. Twakuambia tu kwamba babako ana haja, na haja yake si bati.

Nasi tuliobaki tusijione kuwa tumesalimika kwa sababu hatuna hiyo milioni moja. Ni nani katika sisi asiyekuwa na kibao chake? Yuko aliyetoa mifuko mitatu ya simenti, akakasirika jina lake lisiposomwa msikitini. Yuko aliyekwenda Hija, na asipoitwa Alhaji haitikii. Yuko mwenye ilimu kidogo apendaye watu wamsimamie. Na sisi tunaoandika karatasi hii twajichunga, au hatujichungi, na kupenda kuambiwa kwamba tumeandika vizuri. Maradhi ni mamoja. Bei ndizo zilizokhitalifiana.

Kwa hivyo twausia mambo mawili. La kwanza, mwenye uwezo na ajiulize kabla ya kulipa: lau kama hapana mtu atakayekiona kitu hiki, ningekinunua? La pili, sisi watazamaji tuache kuzigeuza shingo zetu. Gari lenye jina likipita, tusiwanyooshee watoto wetu vidole tukawaambia, "Tazama, yule ndiye mtu." Mtoto husoma katika macho ya mzazi wake zaidi kuliko asomavyo chuoni. Tukimfunza leo kwamba utukufu hupigiliwa kwenye gari, kesho tusimlaumu akiuza shamba la babu yake ili aupate.

Kila mmoja wetu tayari ana daftari lake, nalo haliuzwi mnadani. Siku litakapofunguliwa, ama litatiwa katika mkono wa kulia, ama wa kushoto, na hapo ndipo mtu atakapojua aliandikwa kuwa nani. Ewe Mola wetu, tuondolee mapenzi ya kuonekana, utupe mapenzi ya kukubaliwa. Warehemu wazee wetu waliotutangulia, na utufanye sisi kuwa ni sadaka yao yenye kuendelea. Amin.

Wabillahi tawfiq.